Kahawa ya Ma Paskazia

Kisiwa cha Ikuza,
4 Agosti 1988

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta magoti yamepoa na kile kikohozi cha kiangazi kimekuachia usingizi. Sisi huku tu wazima. Watoto wamenenepa kwa sangara, na mume wangu Luhaga anakusalimu kwa Kisukuma salamu ndefu ambayo sitaiandika, maana nusu yake ni utani kuhusu Wahaya na ndizi.

Barua hii nampa Asha, mwenzangu wa biashara ya samaki, kwa sababu yeye ndiye anayevuka kwenda gulio la Kagoma. Na ni yeye aliyerudi na habari zilizonifanya niache samaki juani na kutafuta kalamu. Anasema gulio zima linazungumza juu ya mama. Kwamba alikutwa asubuhi na mapema ndani ya kibanja cha migomba cha Ta Mutalemwa, mundu mkononi, na alipoitwa hakuitika. Kwamba watoto walimtupia madonge ya udongo mpaka barabarani. Kwamba mtu mmoja alitamka neno "mchawi", na hapakuwa na mtu wa kumkanusha.

Baba Mdogo, je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hukuniandikia, wewe ambaye huandika kurasa tatu hata mbuzi akizaa?

Luhaga aliposikia aliweka chini wavu aliokuwa anaushona. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa mdogo aliona bibi mmoja jirani yao akichomewa nyumba, na ilianza hivyo hivyo, kwa neno moja ambalo watu waliliacha lipite. Tumekubaliana. Nakuja kumchukua mama. Hapa kambini kwa wavuvi nyumba yetu ni ya mabati lakini ina mlango mzuri wenye komeo. Nikienda kuanika samaki nitamfungia ndani, hatapotea. Baba angekuwa hai haya yasingetokea, lakini vita ya sabini na tisa ilimchukua, na mimi ndiye mtoto pekee.

Niandalie nguo zake.

Binti yako,
Theopista


Buganguzi,
19 Agosti 1988

Binti yangu Theopista,

Kasinge waitu, salamu zako zimefika zikiwa na harufu ya samaki, kwa hiyo nimejua hazikughushiwa. Magoti yananikumbuka kila mvua ikitaka kunyesha. Vinginevyo sijambo, na namshukuru Mungu kwamba Luhaga bado ana nguvu za kututania. Mwambie ndizi ndizo zilizomlea mke anayempikia.

Ni kweli. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza kujua ninachokuandikia. Sasa najua, basi kaa chini, maana nitaeleza.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama yako mjini. Tulilala Kahororo kwa kijana niliyemfundisha darasa la tano, ambaye leo ni daktari. Alimpima kwa siku mbili. Alimuuliza mambo ya asubuhi ya siku hiyohiyo, mama yako akashindwa. Akamuuliza mambo ya harusi yake, akayataja hata majina ya ng'ombe. Daktari akaniambia huu ni ugonjwa wa ubongo, unawapata baadhi ya wazee. Si uchawi na si kurogwa. Wala si ule ugonjwa wa siku hizi, wa kukondesha na kuua, ambao watu wanauita Juliana. Amekonda kwa sababu anasahau kwamba hajala. Ugonjwa huu wake huwezi kuupata kwa kugusana naye wala kwa kula naye.

Unakumbuka msonge wa babu yako ulivyoezekwa? Nyasi zilianzia chini, safu juu ya safu, mpaka kileleni. Upepo ulipokuja uling'oa zile zilizowekwa mwisho. Za chini, zilizowekwa kwanza, zilikaa miaka. Ndivyo alivyo shemeji yangu leo. Ya jana yamepeperuka, ya ujana yamo mahali pake. Kile kibanja cha Mutalemwa ndimo alimoolewa, kabla kaka yangu Mwijage hajahamia huku juu. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Asubuhi ile mama yako hakuingia kwa mtu. Alikwenda shambani kwake kukata majani makavu ya migomba yake. Aliitwa, lakini nani huitika akiitwa mwizi ndani ya shamba lake?

Na kila alasiri hufunga chakula kwenye jani la mgomba, akaenda barabarani kungoja malori ya jeshi yamrudishe Mwijage. Kwake bado ni mwaka wa vita, na vita imekwisha jana, na mume yuko njiani.

Daktari alisema hakuna kidonge. Lakini alisema jambo moja nililoliandika moyoni: mtu wa namna hii huishi vizuri mahali anapopajua, katikati ya watu wanaomjua. Huko kisiwani hajui mti wala jiwe. Utamfungia kwa komeo, Theopista? Mwanamke aliyeamka kabla ya ndege miaka yake yote?

Nakuomba uningoje mpaka msimu wa senene, panzi wetu watamu watakaposhuka. Nitawakusanya watu baada ya misa, niwaeleze kama nilivyokueleza. Nikishindwa, nitafunga nguo zake kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba Mdogo wako,
Ishengoma


Ikuza,
8 Septemba 1988

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili Luhaga naye asikie. Tumefurahi magoti hayajakushinda. Hapa mtoto wa mwisho alikuwa na homa lakini imeshuka, anakimbizana na kuku.

Ile habari ya nyasi za msonge imeniliza, nakubali. Lakini mama si nyasi. Jiwe moja likitua vibaya, maelezo yako yote hayatamwamsha.

Hapa kambini tuna Mzee Mihayo, alikuwa nahodha hodari zamani. Sasa kutwa nzima anawauliza vijana kama mtumbwi wake umerudi. Mtumbwi ulishaoza. Vijana wanamwambia, "Umerudi Mzee, umejaa dhahabu!" naye anakimbia ufukoni, wanacheka. Hata mimi nimewahi kucheka. Tangu barua yako sicheki tena, ila sijui la kufanya badala ya kucheka. Kama sisi tunamfanyia hivi mtu tunayempenda, watu wa Buganguzi watamfanyia nini mtu wanayemwogopa?

Na watu wana hofu mbili siku hizi, Baba Mdogo. Asha anasema huko bara hawanywi tena kwenye kikombe cha mtu aliyekonda. Wamezika mno, siwalaumu.

Nitangoja mpaka senene. Lakini nina masharti. Udongo ukitupwa tena, naja. Akipotea, naja. Na nakuomba kwa heshima zote: ukiwakusanya watu usiwafundishe kama darasa. Mimi nimesoma kwako. Nakumbuka somo la mzunguko wa mvua. Tulitoka nje mvua yenyewe imekwisha nyesha.

Binti yako,
Theopista


Buganguzi,
17 Oktoba 1988

Binti yangu,

Kasinge. Tunamshukuru Mungu kwa homa kushuka. Mpe mtoto uji wa ndizi, kama huko kisiwani kuna mtu mstaarabu mwenye ndizi. Mama yako hajambo kabisa, na leo nina furaha ya kukuandikia mpaka wino unatangulia mkono.

Kwanza nikiri kwamba niliwafundisha kama darasa. Tulikutana baada ya misa kwenye ghala la kahawa la chama cha ushirika, kulikuwa na watu wengi. Nilikuwa nimeazima ubao, nikachora ubongo. Ta Mutalemwa akauliza kama lile ni boga au ni figo. Nikaendelea. Nilipofika sehemu ya mishipa, Katekista Datius alikuwa amelala na mdomo wazi, na Celina, yule jirani yetu wa mapacha, alikuwa amewasimulia wanawake wa nyuma kisa kingine kizima. Hatimaye Mutalemwa akasimama.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Tuambie neno moja tu tukale. Huyu mama anaroga au harogi?"

Ghala lote likanigeukia. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema neno, mama yako akaingia.

Sijui nani alimwambia. Nadhani aliona watu wengi njiani, akawafuata. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi alikuwa na kile kikapu chake kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna, unakijua. Alitutazama sote tumeketi, akaona hakuna anayetafuna kitu, akanigeukia kwa hasira.

"Shemeji! Watu wamekaa kavu namna hii? Mwijage akirudi atanitazama vipi?"

Akaanza kugawa. Alipiga magoti mbele ya kila mzee, kama alivyofundishwa na mama yake, akatoa kahawa kwa mikono miwili. Watu walitazama ile mikono myembamba, na zile hofu mbili ulizoniandikia nikaziona zimekaa kwenye benchi pamoja nao. Mzee wa kwanza alipokea akafunga kiganja, hakutia mdomoni. Wa pili vilevile. Akafika kwa Mutalemwa. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mama yako akapiga magoti, akamtazama vizuri usoni, akasema:

"Kijana, ni wewe wa kile kibanja cha chini? Majani makavu yamejaa, waitu, mpaka aibu. Nimekusaidia upande mmoja. Mkeo amalizie mwingine."

"Mke wangu yuko hapa, anasikia!" akasema Mutalemwa.

"Nimesikia!" sauti ikatoka nyuma. "Na upande ule alioukata yeye ndio wenye mikungu!"

Ghala likapasuka kwa kicheko. Mutalemwa alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akachukua kahawa ile, akaitia mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote, akasema: "Jamani, mchawi gani huyu anampogolea mtu migomba halafu anamgombeza? Huyu ni mama mkwe!" Na wale waliofunga viganja wakavifungua, wakatafuna. Somo langu lilikuwa limekwisha bila mimi.

Lakini nilichokiona pale nikakishika. Shemeji amesahau mwaka, amesahau kifo, wakati mwingine anasahau jina langu. Adabu hajaisahau. Na kwetu, unajua, ukikaribishwa kahawa hupiti. Hata ukiwa na haraka ya kwenda kuita mganga, utaketi, utapokea, utaulizana habari. Basi tumekubaliana hivi: kila nyumba kwenye njia ile ya kwenda barabarani itaweka kahawa mlangoni. Akionekana anapita, hakuna kumshika mkono, hakuna kumpigia kelele, hakuna kumwuliza "unakwenda wapi tena wewe?" Anakaribishwa kahawa. Ataketi, hawezi kukataa. Akishaketi, mmoja anazungumza naye, na mwingine anatafuta wa kumsindikiza.

Tulikosea jambo moja mwanzoni. Datius, kwa kuwa ni katekista, aliona ni dhambi kumwacha akimngoja marehemu. Akamwambia ukweli, kwa upole kabisa, kwamba Mwijage alizikwa ng'ambo ya Masaka. Mama yako akalia kama siku ile ya kwanza, akajitupa chini. Kesho yake alikuwa amesahau aliyoambiwa, lakini macho bado yalikuwa mekundu na hakujua kwa nini. Sasa hatumdanganyi, na hatumwambii. Akisema anamngoja Mwijage, tunamwuliza Mwijage alikuwa anapenda kula nini. Hapo anasimulia, anacheka, na njia ya barabarani inasahaulika.

Nimemweleza hata padre. Ameahidi kulisema kanisani, kwa ufupi kuliko mimi.

Baba Mdogo wako,
Ishengoma


Buganguzi,
24 Novemba 1988

Binti yangu,

Salamu kwenu nyote. Sisi tu wazima, na mama yako ni mzima, nasema hivyo kwanza ili usome yanayofuata ukiwa umeketi.

Uliweka masharti, nami sitakuficha. Juzi alipotea. Celina alikuwa msibani, nyumba tatu za njiani zilikuwa hazina mtu kwa sababu ya msiba huohuo, na kahawa haiwezi kukaribisha yenyewe. Alifika barabara kuu. Basi la Bukoba likasimama, ndani akaona abiria mwenye shati la kijani kama la jeshi, akapanda na chakula chake. Tulimtafuta mpaka kwenye makorongo ya rweya, kule kwenye nyika ya nyasi.

Jioni basi lilirudi. Alikuwa amekaa mbele na dereva, anaimba. Konda wa basi lile, Mustapha, akashuka akinifokea: "Mwalimu! Mbona hamkutuambia sisi wa barabarani? Huyu bibi ananilisha kila siku, nilidhani ni nadhiri!" Kumbe kile chakula cha Mwijage huishia kwa Mustapha. Alipomwona hajui anakoshuka, alimnunulia chai mjini, hakumwacha peke yake hata kidogo, akamrudisha.

Kosa ni letu. Tulisimamisha mafunzo mwisho wa nyumba, tukasahau barabara. Nimekwenda kusimama kituoni, nimezungumza na makonda na wauza ndizi. Kwa ufupi, utashangaa.

Amua utakavyoona. Wewe ndiye mtoto wake.

Baba Mdogo wako,
Ishengoma


Ikuza,
1 Desemba 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima.

Alipotea. Tulikubaliana. Boti ya Luhaga itaniacha pwani, itanisubiri siku mbili, itaturudisha wawili. Tafadhali usiniandikie tena kabla sijafika, maana wewe ukieleza mimi hulegea.

Theopista


Ikuza,
14 Desemba 1988

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba. Nilifika nikaambiwa umekwenda Kagoma kumzika mwanafunzi wako, kijana mwingine tena. Mungu awape nguvu wazazi wake. Ulirudi ukakuta nimekwisha kuja na kuondoka, na sanduku la mama liko chini ya kitanda kama kawaida. Najua unakuna kichwa. Basi safari hii kaa chini wewe, mimi ndiye nieleze.

Nilikutana na mama njiani kabla sijafika nyumbani. Alikuwa anashuka, kikapu kichwani, chakula kimefungwa kwenye jani. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi na kukumbatiana. Akanisalimu vizuri sana, "Kasinge waitu, za safari?" akanipisha njia kama mtu anavyompisha mgeni, akapita.

Nilibaki pale nimeshika mfuko wangu. Nusura nimkimbilie na kumshika mkono. Kisha nikasema moyoni, hebu nione hao watu wa Baba Mdogo. Nikamfuata kwa mbali.

Nyumba ya kwanza ni ya Celina. Alikuwa amebeba pacha mmoja na kumkaripia mwingine, lakini alipomwona mama sauti ikabadilika: "Ma Paskazia! Unapitaje bila kahawa, nimekukosea nini?" Mama akaketi. Akasema ana haraka. Akatafuna. Akaulizwa Mwijage alipendaje senene, wakavu au wa kukaangwa, na haraka ikamtoka nikiiona kwa macho yangu. Alipoinuka, aliinuka na Celina.

Kwa Mutalemwa nilijificha nyuma ya mgomba, kwa sababu pale ndipo nilipokuja na hasira yangu yote. Unajua alichokifanya yule mtu? Amempa mama mstari mzima wa migomba kando ya njia. Anasema ni wa Ma Paskazia, mtu mwingine haugusi. Mama akatoa mundu, akakata majani makavu mawili, akamgombeza Mutalemwa, Mutalemwa akajibu, "Samahani mama, kesho," na wale watoto waliotupa madonge wakayakusanya majani bila kuambiwa. Mmoja wao akamkumbusha kikapu chake.

Barabarani, basi likapiga honi kabla halijafika. Mustapha akaning'inia mlangoni: "Ma Paskazia! Lori la jeshi bado! Nipe hicho chakula nipeleke mbele!" Mama akampa kwa mikono miwili. Basi halijapinda kona, Baba Mdogo, nilimwona kwenye kioo anakula!

Mama akageuka kurudi nyumbani, ametosheka. Ndipo akaniona tena. "Mgeni," akasema, "bado uko njiani? Twende nyumbani, jua linazama."

Basi nililala kwa mama yangu kama mgeni. Alinipigia magoti, mimi niliyetoka tumboni mwake, akanipa kahawa. Sikujua niipokeeje. Nilipokea kwa mikono miwili, nikatafuna, nikalia kidogo, naye akadhani nimeng'ata kokoto. Nilimwuliza kama ana watoto. Akasema, "Mmoja. Yuko visiwani, ameolewa na Msukuma mwenye maneno mengi. Ukimwona mwambie huku hatujambo."

Nilifunga nguo zake hata hivyo. Nilikuwa nimeahidi. Lakini asubuhi kelele zikasikika kila upande, "Wameshuka! Wameshuka!" Senene walikuwa wameanguka usiku juu ya rweya yote. Mama akaniacha na sanduku mkononi, akakimbia. Amesahau mwaka, lakini senene hakumpita hata mmoja! Wanawake nusu ya umri wake walikuwa nyuma yake wakihema. Aliimba zile nyimbo ambazo mimi nimesahau, na wenzake wakaitikia, na Celina akaanguka kifudifudi kwa kucheka kwa sababu mama alimnyang'anya senene mmoja mkononi. Tangu vita, Baba Mdogo, tangu misiba hii yote, sikukumbuka kwamba kijiji chetu kinaweza kutoa sauti ile.

Nikalitazama sanduku. Nikafikiria mlango wangu mzuri wenye komeo.

Nilizifungua nguo, nikazirudisha moja moja. Wakati naaga, alitenga senene wa Mwijage kwenye jani safi, wengine akanipa mimi. "Mgeni, chukua. Mwanamke harudi kwa mumewe mikono mitupu wakati wa senene." Luhaga alimla wa kwanza amefumba macho kama anakunywa kwinini. Jana ameuliza kama wamebaki. Nimemwambia desturi yetu inamdai mume anayeletewa senene amnunulie mkewe kitenge kwanza.

Sasa nina ombi. Mzee Mihayo naye. Kahawa ya kutafuna kwa wavuvi hawa ni kichekesho, lakini nimetafuta ambacho hajasahau, nikakiona: nyavu. Nimetundika wavu uliochanika mlangoni kwangu. Akipita akiulizia mtumbwi, namwambia, "Mzee, nisaidie hapa kwanza," naye hawezi kuona tundu akaliacha. Vijana waliokuwa wakimcheka wameanza kumletea nyavu zao, maana anashona kuliko wote. Lakini mimi mwenyewe nataka kahawa, ya mkono wa mama, niiweke mlangoni. Ni yangu tu.

Binti yako,
Theopista


Buganguzi,
22 Januari 1989

Binti yangu Theopista,

Kasinge waitu, na heri ya mwaka mpya kwako, kwa watoto na kwa huyo Msukuma mwenye maneno mengi na kitenge kimoja pungufu. Magoti ni yale yale. Hapa mvua ni nzuri na mama yako anakula; ameongezeka mpaka Celina amemlegezea mkanda.

Kahawa ndiyo hii, kwa mkono wa Asha. Mama yako ameichagua mwenyewe punje kwa punje. Nilimwambia ni ya Theopista, aliye visiwani. Alichagua kwa muda, kisha akasimamisha mikono.

"Shemeji," akaniambia, "alikuja mgeni hapa, siku za senene. Alikaa kama Theopista anavyokaa, ameukunja mguu mmoja. Nilitaka kumwita kwa jina."

"Mbona hukumwita?"

"Niliona haya. Je, ingekuwa siye? Unamkoseaje mgeni jina ndani ya nyumba yako?"

Nimefundisha watu miaka mingi, binti yangu, na siku ile mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi, kikapu magotini. Kumbe tulikuwa tumempa njia, tumempa kahawa, tumempa mstari wa migomba, na bado kila siku tulikuwa tunamwachia yeye peke yake kazi ya kututambua. Anaona sura, jina linamkwepa, na adabu yake inamkataza kubahatisha.

Jumapili niliwaambia watu, kwa maneno ambayo hata Datius hakuwahi kusinzia. Sasa yeyote anayeingia hujitaja mlangoni, kwa sauti, kama vile ndiyo desturi ya siku zote. "Hodi, mimi Celina wa mapacha." "Hodi, mimi Mutalemwa mvivu wa majani makavu." Mustapha hulitaja jina lake kutoka kwenye basi. Mimi mwenyewe, niliyemjua kabla hujazaliwa, nasema, "Hodi, mimi Ishengoma, mdogo wake Mwijage," naye uso unamfunguka kama dirisha, ananiambia, "Kwani nilikuwa sijui?"

Punje moja ameifunga peke yake kwenye kipande cha jani kavu, utaiona juu kabisa. Amesema hiyo ni ya yule mgeni, kama utakutana naye.

Njoo kabla ya Pasaka. Piga hodi, useme jina lako kwa sauti, usimwachie yeye kulitafuta. Kisha ukae vile unavyokaa.

Baba Mdogo wako,
Ishengoma